Kinyozi Hajinyoi: Habari za Waliowafundisha Wasaidizi wa Madaktari

Mtu akitoka mjini Tabora akashika njia ya Kwihara, hukawii kabla hajaliona tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872. Watoto wa shule hupelekwa huko kuyatazama mambo ya kale, nasi walimu tumewapeleka mara nyingi. Siku moja, tulipokuwa tumepumzika chini ya miembe, mtoto mmoja alituuliza: “Mwalimu, mmetuambia ya kuwa Livingstone alikuwa daktari, naye akafa kwa ugonjwa njiani. Je, daktari alipougua, nani alikuwa daktari wake?”

Wenzake walicheka, lakini sisi hatukucheka. Tuliliona kuwa ni swali la haki, tukarudi nalo nyumbani. Tangu siku ile tumekuwa tukitafuta habari za watu wa njia hii ya misafara waliopata elimu ya kutibu, na zaidi ya hao, habari za watu waliowafundisha. Maana waganga husifiwa, na wagonjwa waliopona hushukuru. Lakini mwalimu aliyemfundisha yule msaidizi wa daktari, ni nani amkumbukaye? Yale tuliyoyapata twapenda kuwaeleza wasomaji wetu.

Kwanza yatupasa kukumbuka njia yenyewe ilivyokuwa. Zamani, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, watu walitoka Bagamoyo kwa miguu, wakapita Ugogo, wakaingia Unyanyembe baada ya miezi kama 3, kila mpagazi na mzigo wake begani. Hapo Tabora njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini mpaka Karagwe na Buganda, moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, na nyingine ilielekea kusini-magharibi mpaka Karema, kwenye ziwa Tanganyika. Katika njia hizo zilipita pembe na nguo, zilipita bunduki na ushanga, na watumwa wakapita wamefungwa shingo. Ndui nayo ilipita, na kuhara damu, na homa. Mpagazi aliyeugua sana aliachwa kijijini, akibahatika. Asipobahatika, aliachwa njiani. Wazee wetu walikuwa na dawa zao za miti na mizizi, na waganga wao waliozijua, lakini jeraha la risasi na magonjwa mapya ya misafara yaliwashinda wengi.

Basi katika njia hii tumekuta watu 3 ambao habari zao, zikiwekwa pamoja, zafundisha jambo moja.

Wa kwanza ni Farijala. Huyu alikuwa mmoja wa wale waliofuatana na Livingstone katika safari yake ya mwisho, wakati mmoja na Susi na Chuma. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, watu wake waliazimu kuuchukua mwili wake mpaka pwani. Lakini mwili utachukuliwaje mwendo wa miezi mingi katika jua? Ndipo Farijala alipochaguliwa. Zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, akawa ameona jinsi madaktari wafunguavyo maiti ili kuijua sababu ya kifo. Akiwa pamoja na mwenzake Carras, akaufungua mwili, akatoa moyo na matumbo, yakazikwa chini ya mti. Kisha wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wakafika nao Unyanyembe, na mwezi wa Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Kazi ile ilistaajabiwa na watu wengi, nasi twaistaajabia hata leo. Lakini tazameni jinsi Farijala alivyoipata elimu yake. Aliiokota, kama mtu aokotavyo nafaka iliyomwagika njiani. Alikuwa mtumishi tu, akatazama, akakumbuka. Akili alikuwa nayo, na mkono usiotetemeka alikuwa nao. Mwalimu ndiye aliyekosekana. Kwa hiyo maarifa yake yalikuja kufaa wakati bwana wake amekwisha kufa. Alijua kuuhifadhi mwili wa daktari. Kama angalikaa miaka michache na mtu wa kumfundisha kwa kusudi, labda angalijua pia kumwuguza alipokuwa hai.

Wa pili ni daktari Ebenezer Southon. Huyu alitumwa na Wamisionari wa London, akafika Urambo mwaka 1879, mwendo wa siku chache tu kutoka Tabora. Mtemi Mirambo, ambaye jina lake lilitisha nchi yote mpaka ziwani, alimpokea vizuri na kumpa mahali pa kukaa. Southon alitibu watu wa Urambo na wasafiri, na sifa yake ikaenea. Lakini mwaka 1882 alipatwa na ajali. Bunduki ya mtu aliyefuatana naye ililia bila kukusudiwa, risasi ikampiga mkononi. Jeraha likaharibika, na mkono ukawa hauna budi kukatwa.

Hebu fikirini, wasomaji. Katika nchi ile nzima aliyejua kukata mkono kwa elimu alikuwa mtu mmoja tu, na mkono wenyewe ulikuwa wake. Wazungu wenzake waliokuwapo, ambao upasuaji haukuwa kazi yao, walilazimika kuikamata kazi wasiyoizoea. Walifanya kama walivyoweza. Southon akafa mwezi wa Julai mwaka ule, akazikwa Urambo. Wahenga wamesema, kinyozi hajinyoi. Walisema kweli, bali twaweza kuongeza ya kuwa kinyozi aliyemfundisha mtoto kushika wembe ananyolewa.

Hatusemi haya kwa kumlaumu marehemu. Alikaa miaka 3 tu, na kumfundisha mtu uganga si kazi ya miezi michache. Twasema tu kwamba elimu ikikaa katika kichwa kimoja, risasi moja yatosha kuimaliza.

Wa tatu ndiye aliyefundishwa kwa kusudi, na habari yake ni ndefu zaidi. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 mbali sana na kwetu, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto alitekwa, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine, mpaka mapadre wa Kardinali Lavigerie wakamkomboa huko Aljeria.

Lavigerie alikuwa ameona jambo moja. Wamisionari aliowatuma Afrika walikuwa wakifa kwa homa, wengine hata hawajajifunza lugha. Akawaza ya kuwa Waafrika wenyewe wafundishwe uganga, maana mganga hufunguliwa mlango kila nyumba, naye hujipatia riziki yake bila kuwa mzigo kwa mtu. Tena alitaka vijana hao wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi. Chakula, nyumba na mavazi yao yawe ya watu watakaokaa nao. Basi mwaka 1881 alifungua nyumba ya vijana hao katika kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya bahari ya Mediterania, kwa sababu huko palikuwa na Chuo Kikuu cha kale chenye walimu wa udaktari. Vijana walikaa katika nyumba yao, na masomo ya uganga wakayafuata katika Chuo Kikuu. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa huko miaka 7 hivi, mpaka mwaka 1888.

Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Kazi iliyowekwa mbele ya walimu wa Malta haikuwa nyepesi. Daktari wa mjini Ulaya alifundishwa akijua ya kuwa atafanya kazi karibu na madaktari wengine, duka la dawa liko njia ya pili, na asipoelewa jambo atauliza. Lakini kijana huyu wa Niger alikuwa akienda mahali ambapo mtu wa kuulizwa alikuwa mbali mwendo wa majuma mengi. Mwalimu amfundishaye mtu wa namna hiyo hana budi kuchagua: lipi alijue kwa moyo, lipi aliache, na lipi ajue ya kuwa limemzidi. Sisi tuliofundisha darasa la kwanza twajua ya kuwa kufundisha machache yakakaa ni kazi ngumu kuliko kutaja mengi yakapita. Majina ya walimu wale wa Malta hayatajwi katika baraza zetu. Lakini kazi yao twaweza kuipima, maana tunda lake lililetwa kwetu.

Mwaka 1889 Atiman alifika Karema. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, kisha mwaka 1885 wakaikabidhi kwa mapadre, na watu wengi waliokaa hapo walikuwa watumwa waliokombolewa. Basi yule aliyeuzwa katika jangwa alikuja kukaa mwisho wa njia nyingine ya watumwa, naye mkononi ana kisu cha kuponyesha. Alioa Agnes Wansahira, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na mwana wao Joseph akawa padre. Atiman hakuondoka tena. Alitibu watu wa Karema chini ya Wadachi, akatibu wakati wa vita kuu mbili, akatibu chini ya Waingereza. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alikufa mwaka 1956. Hesabuni: miaka 67 ya kazi, mahali pamoja, kwa mafundisho ya miaka 7. Hata leo hospitali ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake, na nyumba moja ya mapadre Dar es Salaam kadhalika.

Hayo ndiyo tuliyoyaona: Farijala aliyeokota elimu, Southon aliyekuwa nayo peke yake, na Atiman aliyekabidhiwa na walimu. Lakini yatupasa kusema pia upungufu wa kazi ile ya Malta. Kiwanda cha taa kilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Taa moja ililetwa Karema, ikawaka miaka mingi ajabu. Lakini mahali pa kutengenezea taa nyingine hapakujengwa karibu. Nyumba ile ya Malta haikudumu. Kabla ya mwaka 1900 ilikuwa imekwisha kufungwa. Kwa muda mrefu baadaye mtoto wa Unyanyembe au wa Ufipa aliyetaka elimu kama ya Atiman hakuwa na mahali pa kuipata.

Njia ikafunguka polepole. Mnamo mwaka 1926 serikali ya Waingereza, wakati Bwana Shircore alipokuwa mkubwa wa waganga, ilianza kuwafundisha vijana kwa muda mfupi wawe madresa wa vijiji, wafunge vidonda na kutoa dawa chache katika zahanati zilizo chini ya watemi. Wengine walifundishwa zaidi katika hospitali ya Sewa Haji huko Dar es Salaam. Na huyo Sewa Haji ni nani? Ni tajiri Mhindi wa Bagamoyo aliyekuwa akiwapatia wasafiri wapagazi na vitu vya safari. Fedha ya njia ya misafara ndiyo iliyojenga hospitali ile. Mwaka 1956 kazi yake ilihamia Muhimbili. Hapo Muhimbili, mwaka 1963, kilifunguliwa chuo cha udaktari. Mwaka 1968 kikawa tawi la Chuo Kikuu. Na tangu mwaka 2007 ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi iliona ya kuwa madaktari wa Chuo Kikuu peke yao hawatafika kila kijiji upesi. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 vyuo vya waganga wasaidizi vilifunguliwa mikoani. Waliomaliza shule ya msingi walifundishwa miaka 3 wakawa waganga wasaidizi wa vijijini; waliomaliza sekondari walifundishwa kazi kubwa zaidi, ndio tuwaitao sasa matabibu. Na katika matabibu, wale waliozoea kazi miaka kadhaa walirudishwa chuoni wakafundishwa upasuaji pia, wakawa madaktari wasaidizi.

Asidhani mtu kwamba hayo yalikuwa mambo ya nchi maskini tu. Marekani yenyewe, yenye madaktari wengi, ilijiona imepungukiwa. Mwaka 1965 daktari Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianza kuwafundisha wasaidizi wa madaktari. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 4, nao walikuwa watu waliotoka jeshi la majini, ambako walikuwa wamewauguza askari. Stead aliona ya kuwa watu hawa wana mikono na mioyo, kilichobaki ni mwalimu. Alimwona Farijala, twaweza kusema, akampeleka darasani. Tangu hapo vyuo vikuu vingi vya Marekani vimefuata.

Lakini wako wasemao, “Msaidizi ni nusu daktari. Mimi sitaki kutibiwa na nusu mtu.” Neno hili twalisikia hata vijijini mwetu, tena hutoka vinywani mwa watu waliosoma. Na tulijibu kwa jambo lililopimwa. Mwaka 2009 wataalamu walitangaza habari za uchunguzi walioufanya katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Waliangalia upasuaji zaidi ya 1,000 waliofanyiwa akina mama walioshindwa kujifungua salama, wakalinganisha kazi ya madaktari kamili na kazi ya madaktari wasaidizi. Haikuonekana tofauti kubwa, wala katika usalama wa mama wala katika uzuri wa kazi. Na katika hospitali hizo sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wasaidizi. Wako akina mama wa Kigoma waleao watoto wao leo kwa sababu mwalimu fulani alisimama nyuma ya mwanafunzi wake, akamwambia, “Kata hapa, si pale.”

Hata hivyo haifai kujisifu kupita kiasi. Msaidizi asiyefundishwa vema ni hatari, naye aliyefundishwa vema huujua mpaka wake. Katika mafundisho yake yote, lililo zito kuliko mengine labda ni hili: kujua lini kusema, “Ugonjwa huu umenizidi, mpelekeni mbele upesi.” Neno hilo halitoki katika kitabu. Mwanafunzi hulipata kwa kumwona mwalimu wake mwenyewe akilisema mbele ya mgonjwa bila haya.

Twataka kusema neno moja la mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Miaka iliyopita tulifundisha katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja. Watu walikuwa wamejenga zahanati kwa mikono yao. Walifyatua matofali, wakachangia mabati, wakaimba siku ya kuifungua. Tabibu alikuwa mmoja. Mwaka ule alikwenda masomoni, na mwingine hakuletwa. Mwanafunzi wetu mmoja, msichana mdogo wa darasa la tatu, alishikwa na homa kali usiku wa masika. Baba yake alimbeba mpaka zahanati, akakuta kufuli. Akambeba tena kwenda hospitali ya mbali, na mto ulikuwa umejaa. Alitukuta asubuhi tukifungua shule, naye amembeba bado, lakini hakuwa na haraka tena. Kuta zilikuwa imara, na mabati yaling'aa. Tangu siku ile, tusikiapo kijiji kikijisifu kwa majengo, twauliza kwanza: nani yumo ndani, na nani anamfundisha atakayemfuata?

Basi, ndugu wasomaji, mwaweza kufanya nini? Kwanza, msimdharau tabibu wenu kwa sababu haitwi daktari kamili. Mpeni nyumba isiyovuja, mwiteni kwa heshima, msimwamshe usiku kwa jambo la kungoja asubuhi. Pili, mtoto wenu aliyefaulu sayansi msimwambie ya kuwa asipokuwa daktari mkubwa amepoteza miaka yake, Atiman hakupoteza. Tatu, na hili twalisema kwa vijana waliokwisha kuwa matabibu na wauguzi: chuo kikikuiteni kufundisha, msikatae kwa kuwa kazi hiyo haina sifa. Atibuye huponya wale walio mbele yake. Afundishaye huponya watu wa vijiji ambavyo hatavikanyaga, katika miaka ambayo hatakuwapo.

Tulipokwenda Kwihara mwaka uliofuata, yule mtoto aliyeuliza alikuwapo tena, amekua, yu darasa la saba. Tukamwita chini ya miembe ile ile tukampa jibu lake, japo limechelewa. Tulimwambia: Livingstone hakuwa na daktari, wala Southon hakuwa naye. Daktari wa daktari ni mwanafunzi wake. Na daktari asiyefundisha mtu, siku atakapougua, atakuwa mgonjwa kama wagonjwa wengine wa njiani.

Akafikiri kidogo, kisha akauliza: “Na mwalimu asiyefundisha vema, mwalimu?”

Hilo nalo tumerudi nalo nyumbani.